Simba, Tembo na Mshahara wa Shaba: Bia ya Kiwandani katika Historia ya Likasi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa pwani akiambiwa kwamba huko Katanga watu hunywa Tembo, hatashangaa sana. Kwake yeye tembo ni kileo kinachogemwa mnazini, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) huiweka maana hiyo kando ya ile ya mnyama ambaye pia huitwa ndovu. Lakini mwanafunzi huyo akifika Likasi na kuagiza Tembo, ataletewa chupa kubwa ya bia, nyeusinyeusi kuliko bia ya kawaida, yenye picha ya mnyama mwenye mkonga. Likasi hakuna minazi. Katika Kiswahili cha Katanga, tembo ni mnyama tu, na kileo ni pombe. Kwa hiyo yaelekea kwamba aliyeipa bia hiyo jina hakukusudia kucheza na maneno hata kidogo, ingawa itakuwa vigumu kumshawishi mtu wa Mombasa au Zanzibar aamini hivyo.

Tembo ina ndugu yake mkubwa, Simba, na zote mbili hutengenezwa Lubumbashi na kampuni ya Brasseries Simba, ambayo watu huiita Brasimba kwa kifupi. Asili ya kampuni hii ni kiwanda cha bia cha Katanga kilichoanzishwa mjini Élisabethville katika miaka ya 1920. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi bia ya aina hiyo ilivyopata nafasi yake katika miji ya migodi, hasa Likasi, ulioko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Hoja yetu ni kwamba bia ya kiwandani haikuwahi kuifuta pombe ya nyumbani. Ilichofanya ni kufuata mshahara wa shaba. Mahali ambapo mshahara ulilipwa, bia ilisimama. Mshahara ulipokatika, mnywaji alirudi kwa mama mpika pombe, ambaye muda wote huo hakuwa ameacha kazi yake.

Kwanza hapana budi tuutazame mji wenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini iliingia Élisabethville mwaka 1910, kisha ikaendelezwa kuelekea Kambove. Likasi na kitongoji chake cha Panda vilikua kwa sababu ya mitambo ya kusafishia madini, na mnamo mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa njia ya umeme. Wabelgiji waliuita mji huo Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot aliyekuwa mkuu wa makampuni hayo, na jina la Likasi likarudishwa rasmi mwaka 1966. Mji wa namna hii una sifa moja inayompendeza sana mtengeneza bia: wanaume maelfu wasiolima, wanaopokea fedha taslimu kwa siku moja inayojulikana.

Si ajabu basi kwamba viwanda vikubwa vya bia vya sehemu zetu hizi vilizaliwa karibu pamoja. Nchini Kenya, ndugu wawili George na Charles Hurst walianza kupika bia karibu na Nairobi mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ikaja kuitwa Tusker kwa kumkumbuka. Mjini Léopoldville kiwanda kilichokuja kuitwa Bralima kilianzishwa mwaka 1923 na kutoa bia yake ya kwanza, Primus, mwaka 1926. Kile cha Katanga ni cha muongo huohuo. Sababu zake si za siri. Bia karibu yote ni maji, na kuyasafirisha maji kwa meli kutoka Ulaya, kisha kwa reli maelfu ya kilomita hadi kwenye migodi, ni gharama kubwa. Kimea cha shayiri na hopsi, kwa upande mwingine, ni vikavu na vyepesi. Mtu akiviagiza hivyo tu na kuchota maji papo hapo, amejipunguzia gharama hiyo. Kilichobaki ni baridi. Bia nyepesi ya namna ya Kijerumani huchachuka katika ubaridi na kutulia kwa majuma kadhaa karibu na nyuzi sifuri, jambo lisilowezekana katika nchi ya joto bila mitambo ya kupoza na nguvu ya kuiendesha. Kwa hiyo kiwanda cha bia hufuata reli, umeme na mishahara, na Katanga ilikuwa inavipata vyote vitatu.

Mfano wa ng'ambo utatusaidia hapa. Kampuni kongwe kuliko zote za bia nchini Marekani, D. G. Yuengling, ilianzishwa mwaka 1829 katika mji wa Pottsville, Pennsylvania, nao ni mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Mwanzoni kiwanda hicho kilipewa jina la tai. Serikali ya Marekani ilipopiga marufuku vileo kutoka 1920 hadi 1933, wenyewe walijikimu kwa kutengeneza bia isiyolevya na aiskrimu. Makaa yalipopungua na wachimbaji kutawanyika, kiwanda kilibaki, na hadi leo ni mali ya ukoo huohuo. Mji wa mgodi uliozaa kiwanda cha bia, mnyama kwenye nembo, na kiwanda kuuzidi umri mgodi: msomaji ataona kwamba habari za Katanga zinafanana na hizi kwa kiasi, na kwa kiasi zinatofautiana. Tofauti kubwa ni sheria, kwani Pottsville sheria iliwakataza wote, na huku kwetu ilibagua.

Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulizitaka dola zilizotawala Afrika zizuie uingizaji wa pombe kali za biashara na zikataze kabisa unywaishaji wa pombe kali humo makoloni. Bia haikuguswa. Kila dola iliyatumia masharti hayo kwa namna yake. Nchini Kenya Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa hadi mwaka 1947, kwa hiyo kiwanda cha akina Hurst kiliishi miaka ishirini na mitano ya kwanza kwa kuwauzia wageni. Nchini Kongo Mwafrika alinyimwa mvinyo na pombe kali kwa muda mrefu, lakini bia aliachiwa, na wenye viwanda walijua mapema kwamba mnunuzi wao wa kesho ni mfanyakazi wa Kiafrika. Bia ikapata sifa ya kuwa kileo halali, kileo cha mtu wa mjini, ilhali kile kinachonyweshwa nyumbani kikageuzwa kuwa kosa. Kileo hicho huitwa lutuku. Ni ndugu wa lotoko ya Kinshasa, gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Sifa mbaya ambayo vinywaji hivi vinne vinashirikiana haikutokana na ukali wake peke yake. Sehemu yake iliandikwa mezani na wanadiplomasia.

Kati ya bia halali na lutuku haramu kuna kinywaji cha tatu, nacho ndicho kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa vitabu vya Kiswahili havikitaji. Ni munkoyo. Mpishi huupika uji wa mahindi mpaka uive vizuri, kisha huuacha upoe hadi uvuguvugu. Hapo hutia mizizi ya mmea uitwao pia munkoyo, wa jamii ya kunde, iliyotwangwa mpaka ikawa nyuzinyuzi. Baada ya muda mfupi uji ule mzito hulegea na kuwa majimaji, na ladha yake hugeuka tamu bila kutiwa sukari. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyouvunja wanga wa mahindi na kuufanya sukari. Kazi ileile katika bia ya kizungu hufanywa na kimea: shayiri huloweshwa, huachwa ichipue, na katika kuchipua kwake hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunja wanga. Wachaga hufanya hivyo kwa ulezi wanapopika mbege. Mpishi wa Katanga na wa Zambia ameipita hatua ya kuchipuza nafaka, akakiokota kimeng'enya porini. Munkoyo wa siku ya kwanza ni mtamu na hunywewa na watoto, kama togwa ya Tanzania. Ukikaa siku mbili tatu huchachuka, hupata ukakasi na ulevi, na watoto huondolewa.

Umuhimu wa jambo hili kwa historia ya bia ya kiwandani ni huu: munkoyo hauhitaji reli, wala umeme, wala shayiri ya Ulaya. Unahitaji mahindi, kuni, mizizi na mwanamke anayejua. Na mahindi yalikuwapo, kwa sababu Union Minière yenyewe iliyagawa.

Tangu mwaka 1928 hivi, kampuni hiyo iliacha mtindo wa kuajiri vijana kwa miezi michache, ikaanza kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu, hata kuwahimiza, waishi kambini pamoja na wake zao. Mfanyakazi alipewa nyumba, matibabu, shule ya watoto na posho. Neno posho, lililotoka kwenye misafara ya pwani, lilipata uzito mpya katika kambi za migodi na za serikali. Mposo ya Kilingala, yenye maana ya juma, inahusishwa na mgao huo wa kila wiki. Unga wa posho ulitoka ghalani kwa kampuni, lakini ulipoingia jikoni ulikuwa chini ya mamlaka ya mke. Sehemu yake iliweza kuwa ugali, na sehemu yake munkoyo wa kuuza. Hivyo fedha za mshahara zilizoelekea kwenye chupa ziliweza kurudi nyumbani kupitia kibuyu cha mama. Tunadhani wanahistoria wa uchumi wameutazama mno mshahara wa mume na kuupuuza mzunguko huu wa pili.

Tusidhani kwamba maisha hayo yalikuwa ya raha. Mnamo Desemba 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wafanyakazi wa Kiafrika wa Jadotville na Élisabethville waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakafyatua risasi na kuua watu wengi. Baada ya vita mishahara ilipanda, na miaka ya 1950 ikawa miaka ya neema kwa wauza bia kote Kongo. Ushindani ulikuwa mkali kiasi kwamba kampuni ziliajiri watu wenye ulimi mtamu kuzitangaza chapa zao. Mmoja wao, mara baada ya kutoka gerezani mwaka 1957, aliajiriwa mjini Léopoldville na kiwanda kilichokuja kujulikana kama Bracongo, apite mabaani akiisifu bia ya Polar mbele ya wanywaji wa Primus. Jina lake lilikuwa Patrice Lumumba. Alijifunza hapo kuzungumza na umati, na umati ukajifunza kumsikiliza. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa katika ardhi ya Katanga, mahali paitwapo Shilatembo, si mbali na barabara ileile inayoipeleka bia ya Lubumbashi hadi Likasi.

Turudi kwenye majina. Kati ya mwaka 1960 na sasa, mji wa Jadotville umekuwa Likasi, Élisabethville, Lubumbashi, mkoa wa Katanga ulijitenga mwaka 1960 hadi 1963, ukaja kuitwa Shaba wakati wa Mobutu, ukarudia kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ukagawanywa, Likasi ikabaki katika Haut-Katanga. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Mnyama hana taabu hizo. Simba na tembo hawana kabila, hawana chama, na kila asemaye Kiswahili, awe Mluba, Mbemba, Msanga au Mlunda, anawajua. Bracongo walipotafuta jina la kuwavutia watu wa Kinshasa, nao walichukua Nkoyi, yaani chui kwa Kilingala. Tanzania ina bia iitwayo Ndovu. Kwa hiyo Tusker ya Kenya, Ndovu ya Tanzania na Tembo ya Katanga ni mnyama mmoja aliyepewa majina matatu, na kila jina linatuonyesha lugha ambayo muuzaji alidhani mnunuzi wake anaiheshimu. Nairobi walichagua Kiingereza. Dar es Salaam walichagua neno ambalo halitachanganywa na tembo la mnazi. Lubumbashi, ambako hatari hiyo haikuwapo, walichukua neno la kila siku. Kwamba kampuni ya Wazungu waliozungumza Kifaransa ilichagua maneno ya Kiswahili kwa ajili ya bidhaa zake ni ushahidi wa nguvu za lugha hii katika miji ya shaba, ushahidi ambao pengine una thamani kuliko maagizo mengi ya wakuu wa elimu.

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa mkoa walichochea kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, na maelfu yao, wengi wakiwa mafundi na makarani wa kampuni pamoja na jamaa zao, walikaa kwa miezi katika stesheni ya Likasi wakisubiri treni za kuwapeleka katika nchi ambayo vijana wao hawakuwahi kuiona. Wengi walifia hapo kwa maradhi na njaa. Kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000, na bei za vitu zilipanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka. Mshahara uliolipwa, kama ulilipwa, ulikuwa umekwisha thamani kabla haujafika mkononi.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowaita wafanyakazi hao Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Katika nyumba nyingi baba mwenye nyumba alipokosa mshahara alipoteza pia sauti, na aliyewalisha wote akawa mama, kwa biashara ndogondogo za soko, kwa shamba la nje ya mji, na kwa pombe. Hapa ndipo ujuzi uliodharauliwa kwa miaka sabini ulipoonekana thamani yake. Munkoyo na lutuku ziliuzwa kwa kikombe, kwa bei ambayo mtu asiye na mshahara aliiweza. Chupa ya Simba, yenye karibu robo tatu ya lita, ikawa kitu cha harusi, cha matanga na cha wenye bahati. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa malipo ya mkupuo mmoja, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, nao ukapewa jina la kuondoka kwa hiari. Wengi wa walioondoka walilalamika kwamba hiari hiyo hawakuiona.

Kiwanda cha bia hakikufa pamoja na baba yake. Leo Brasimba ni mali ya kundi la Castel la Ufaransa, ambalo pia linamiliki Bracongo, kiwanda cha Lumumba. Ushindani wa zamani kati ya miji umekuwa hesabu ndani ya daftari moja. Lubumbashi bado inapika, na Likasi bado inapokea kreti zilizojaa na kurudisha chupa tupu. Kilichobadilika ni siku ya kunywa. Tangu sheria ya madini ya mwaka 2002, na hasa tangu dunia ianze kuitafuta kobalti kwa ajili ya betri, maelfu ya vijana huchimba kwa mikono kuzunguka Likasi na Kambove. Kongo sasa hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Mchimbaji huyu hana mkataba wa miaka mitatu, hana posho wala nyumba ya kampuni. Hulipwa kwa uzito wa mzigo wake, siku auzapo. Babu yake aliingoja siku ya mshahara ili anunue Simba, akanywa munkoyo siku nyingine zote. Mjukuu anaweza kuagiza Simba Jumanne asubuhi, na Jumatano akakopa kikombe cha munkoyo kwa mama yuleyule wa jirani, ambaye mizizi yake bado hutoka porini.